Nyumba ya ufukweni Jambiani: ilivyotupokea Wazungu walipokatika, na tulivyoikuta 2024 wamerudi

Niseme mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake. Kama unatoka Dar na familia, unataka bahari, chakula cha kushiba na mahali pa kumlaza mama mkwe bila kuona haya, nyumba hii ya wageni ya Jambiani, Unguja, naipa nyota nne kati ya tano. Mwaka 2020 ningeipa zote tano. Hiyo moja imeangukia wapi, nitafika huko.

Jina silitaji. Mwenye nyumba ameniomba, na sababu yake naiona ya haki: mikataba yake na mawakala wa Ulaya na zile tovuti za kuuzia vyumba inamkataza kutangaza bei iliyo chini ya yao. Sisi anatuuzia kwa simu, kimya kimya. Ukifika Jambiani ulizia nyumba ya vyumba vinane yenye mwembe uliotoboa paa la baraza. Kijiji ni kirefu, kimejinyoosha kando ya bahari, lakini mwembe huo kila mtu anaujua.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Nimepika harusi, maulidi, hitima na sendofu za wenye nazo na wasio nazo, kwa hiyo nikifika mahali jicho langu linakwenda jikoni kabla ya kitandani. Nisomeni hivyo hivyo. Anayetaka kujua kasi ya intaneti au kona nzuri za kupigia picha, amtafute mwingine.

Mara ya kwanza ilikuwa Eid el-Hajj ya 2020, iliyoangukia Ijumaa, tarehe 31 Julai. Hali ya wakati ule wa korona mnaikumbuka. Tanzania ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje tarehe 11 Aprili, ikafungua anga tena 18 Mei. Lakini anga kufunguliwa ni jambo moja na mtu kupanda ndege ni jambo jingine. Waitaliano, ambao miaka nenda miaka rudi ndio walioijaza pwani ya mashariki ya Unguja, serikali yao ilikuwa haijawaruhusu kuja huku kutalii. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020 ulifungwa na 260,644, na wengi wa hao ama waliwahi kuingia kabla mambo hayajaharibika, ama walikuja mwishoni mwa mwaka pamoja na wimbi la Warusi. Miezi ya katikati palikuwa hapana mtu. Na hapa tunazungumzia visiwa ambavyo viongozi wake wamezoea kusema utalii unaleta takriban asilimia 80 ya fedha za kigeni.

Na mimi shughuli zilikuwa zimelala. Masufuria yangu makubwa yalikaa yameegeshwa ukutani, simu haiiti. Mume wangu ndiye aliyeleta habari kutoka kazini kwake: Jambiani, chumba shilingi 60,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ndani yake. Nikaingia mtandaoni kukiangalia chumba hicho hicho. Dola 85. Dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,300, piga hesabu mwenyewe.

Lakini kabla ya kufika pale tulipitia hoteli moja kubwa ya ukanda huo huo, nayo ilikuwa imetangaza bei ya wakazi. Bei haikuwa na kasoro. Mapokezi ndiyo yaliyonishinda. Mlinzi getini alituuliza tunamfuata nani. Dada wa mapokezi akatupa karatasi ya makatazo ndefu kuliko karatasi ya chakula: msiingie na chakula cha nje, watoto wasipige kelele bwawani, msikae kwenye vitanda vya ufukweni bila taulo la hoteli. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, na Mzungu naye unampa karatasi hii?" Akatazama pembeni. Pale walichoshusha ni bei peke yake. Sisi tulikuwa wa kuwashikia nafasi mpaka wenyewe warudi. Tukageuza.

Basi tukafika kwa mwembe, watu sita: mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe, tumeminywa ndani ya gari ya abiria ya 309 tangu mjini.

Vyumba vya nyumba hii vilijengwa kwa ajili ya fungate, hilo halifichiki. Kitanda kimoja cha samadari katikati, chandarua cheupe kimefungwa nguzo nne kwa utepe, asumini zimemwagwa juu ya shuka, na taulo mbili zimekunjwa zikawa bata maji waliogusanisha midomo. Mama mkwe alisimama mlangoni akawatazama wale bata, akanigeukia: "Mwanangu, hizi ni za kujifutia au za kuangalia?" Nyumba nzima haikuwa na kitanda cha mtoto hata kimoja. Kijana wa mapokezi alituambia hawajawahi kukihitaji, wageni wao walikuja wawili wawili. Lakini hakuishia kutuambia. Jioni ile yaliletwa magodoro matatu kichwani kutoka nyumbani kwa mwenye nyumba, yakatandikwa chumbani kwa bibi yao, na hatukudaiwa senti.

Halafu chooni. Msicheke, jambo hili ni kubwa kuliko bata. Nimelala hoteli za maelfu ya shilingi Dar na Arusha ambazo choo chake kina karatasi tu, ukitaka maji utajua mwenyewe. Hapa palikuwa na ndoo yenye mfuniko na kopo, safi, pembeni ya choo. Nyuma ya mlango wa chumba kumebandikwa mshale mdogo wa kibla na msala umekunjwa kitini. Nikauliza kama vilikuwepo siku zote. Hapana, viliwekwa mwezi wa sita, mwenye nyumba alipoona sasa mgeni ni Mswahili mwenzake.

Bwawa ni dogo, liko karibu mno na baa ya makuti. Mwaka ule walikuwa na utaratibu ulionifanya niipende nyumba: kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni bwawa ni la wanawake na watoto, turubai linashushwa upande wa baa, vijana wa kazi wanahamia uani. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuingia kwenye bwawa tangu azaliwe, alitumbukia na dera lake. Kumtoa ikawa kazi.

Sasa jikoni.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa kichekesho. Kwenye sahani kubwa nyeupe: vipande vya papai vilivyokatwa vikapangwa duara, vipande vya nanasi, nusu ndizi, tosti mbili, siagi ya kijiko cha chai, jamu, na yai. Watoto walimaliza kabla sijakaa vizuri, wakanitazama. Baba yao akamwuliza mhudumu kwa adabu kabisa kama hiyo ndiyo chai au chai iko njiani. Nikanyanyuka.

Mpishi alikuwa kijana wa Makunduchi. Miaka yake yote ya kazi alikuwa akipikia Waitaliano, hata mimi alinisalimia kwa Kitaliano, kisha akajishika mdomo. Rafu zake zilikuwa bado za mwezi wa pili: tambi za kila umbo, mafuta ya zeituni, makopo ya nyanya, baadhi yake tarehe zimeshaanza kupita. Nikamwuliza nyumbani kwao wamekunywa chai na nini leo. Chapati na maharage ya nazi, akasema. "Sasa mbona sisi watupa tosti?" Akajibu kwamba karatasi ya chai ndivyo ilivyoandikwa na hakuna aliyemwambia aibadili. Isitoshe, yeye alidhani mtu wa Dar akilipa hoteli anataka chakula cha hoteli, cha nyumbani anacho nyumbani. Hapo alikuwa na hoja. Wapo watu wa hivyo, nimewapikia.

Nikamfanyia hesabu pale pale mezani, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Siagi imepanda meli. Jamu imepanda meli. Kahawa ya kopo, jibini, hata yai limevuka kutoka bara. Unga nao umevuka, sawa, lakini nazi iko uani, samaki anapita mlangoni, na mkate wa ufuta anachoma jirani. Sahani ya tosti ilikuwa inamla fedha zaidi ya sahani ya chapati, na mgeni anaondoka na njaa. Kesho yake tulikuta mezani chapati, maharage ya nazi, changu wa kukaanga, mkate wa ufuta, uji wa pilipili manga na chai ya maziwa yenye mchaichai. Meza tatu za jirani, wote watu wa Dar na mjini, wakaagiza hicho hicho.

Mchana na usiku palikuwa na tatizo jingine. Orodha ya chakula ilikuwa ya dola, sahani moja kwa mtu mmoja, pweza dola 12. Familia ya watu sita ikila hivyo mara mbili kwa siku inarudi Dar kwa kuogelea. Tukakubaliana sinia: wali wa nazi, samaki au pweza, mchicha, kachumbari na achari, shilingi 45,000, mle mpaka mchoke. Tuliondoka tukaacha sinia limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa baraza.

Pweza wake nataka nimweleze, maana wengi wanamharibu. Jumapili maji yalikupwa mbali sana, Eid mosi ilikuwa tarehe kumi ya mwezi wa Kiislamu na bamvua, yale maji ya kujaa na kupwa kwa nguvu, ilikuwa inaingia. Watu wakarudi kutoka mwambani na pweza kwenye nyuzi. Siku za kawaida wanunuzi wa mahoteli wangewamaliza pale pale majini. Siku hiyo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Mpishi alichagua mmoja mkubwa, akampigapiga juu ya jiwe mpaka povu jeupe likatoka. Akamweka sufuriani mkavu, hakutia maji wala chumvi, akafunika. Pweza ana maji yake, huyatoa mwenyewe, yana rangi ya zambarau, na humo ndimo anamoiva. Ukitia chumvi mapema anakakamaa, utatafuna mpaka Alasiri. Alipoona kijiti kinazama kwenye mnyiri pale penye unene bila kusukumwa, akamtoa, akamkata vipande vya duara. Kitunguu, thomu, bizari kidogo, tui la pili, akaacha vichemke pamoja. Hadi hapo sina neno. Kosa akalifanya mwishoni: tui zito alilimimina moto ukiwa juu, na akaacha kukoroga ili apokee simu. Likakatika. Ladha ilikuwepo, ndimu iliikamata vizuri, lakini mchuzi ulikuwa na chenga na mafuta yameelea. Nilimwambia, akakubali. Waitaliano, akasema, hawajawahi kulalamika. Ndiyo hivyo, hawakujua walichonyimwa.

Kuhusu papasi, wale vijana wanaowaandama wageni kuwauzia vitu: wapo, lakini 2020 walikuwa wamepoa. Wa kwanza kutukuta ufukweni alimwita mume wangu "amico", mazoea tu yalimtoka mdomoni, tukacheka wote. Bangili za kombe alizokuwa akiuza dola tano alituachia kwa shilingi elfu mbili. Nahodha mmoja wa ngalawa alitupeleka mpaka karibu na mwamba unaopasua mawimbi na kuturudisha, watu wote sita kwa 30,000. Zamani alikuwa akitoza dola 20 kwa kichwa. Hakuficha kwamba elfu thelathini ile haimlipi, ila ngalawa ikikaa juu ya mchanga muda mrefu mbao zinakauka na kuachana.

Nyumbani pale palikuwa pia na dada aliyekuwa akikanda wageni, saa moja dola 25. Chumba chake cha kukandia kilikuwa kimefungwa, mafuta ya karafuu na mchaichai yamepangwa dirishani. Yeye mwenyewe alikuwa amerudi kwenye mwani. Nilimwomba amchukue binti yangu mkubwa aone, nikaishia kwenda mwenyewe.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii hii, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na kimekuwa zaidi cha wanawake. Maji yakikupwa unatembea mpaka kwenye vigingi vilivyochomekwa mchangani, kati yake zimekazwa kamba, na kila kamba imefungwa vipande vya mwani kwa vijiuzi wanavyoviita taitai. Kazi ni ya kuinama. Unafungua uliokomaa, unafunga mbegu mpya, unang'oa majani yaliyojiviringisha, unaangalia saa kwa kuyatazama maji, maana yakirudi yanarudi haraka. Mgongo wangu ulilia kabla kamba moja haijaisha, na mimi mtu wa kugeuza pilau la watu mia tano. Ule mwani wa thamani kubwa wanaouita kotoni umekuwa ukiwafia, maji yamekuwa ya moto. Uliobaki ni spinosi, na kwa bei aliyonitajia, kilo iliyokaushwa ilikuwa haifiki shilingi elfu moja. Kilo moja kavu ni kilo kadhaa mbichi za kubeba kichwani. Nikamwuliza saa moja ya kukanda ni kilo ngapi za mwani. Alicheka akasema hesabu hiyo aliifanya mwezi wa nne, akaamua asiirudie.

Mwenye nyumba ni mzee wa makamo ya juu, anakaa barazani kila baada ya Isha na birika la kahawa chungu na kashata. Ukikaa naye mtazungumza fedha, hana mazungumzo mengine. Wafanyakazi kumi na wawili hakufukuza hata mmoja: sita wiki hii, sita wiki ijayo, mshahara nusu. Kilichomvunja mgongo, kwa maneno yake, siyo wageni kutokuja. Ni kwamba mawakala walimdai amana za safari zilizofutwa, wakati huo huo fedha za wageni waliokwisha lala na kuondoka tangu Januari bado ziko kwao, maana wao hulipa mwezi mmoja na zaidi baada ya mgeni kurudi kwao. Alikuwa anadaiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe anamdai.

Elfu sitini zetu zilikuwa haziachi faida. Zililipa umeme, nusu mishahara na mafuta ya jenereta. Lakini nyumba ya ufukweni ukiifunga, chumvi inakula bawaba na vitasa, makuti yanashika ukungu, pampu ya bwawa inaganda, na siku mgeni akirudi unaanza kujenga upya. Mgeni wa bei ya chini alikuwa anamlindia nyumba.

Na kuna jambo alilisema ambalo sikulisikia kwa mtu mwingine. Baba yake alikuwa na mikarafuu Pemba. Karafuu yote ilikuwa na mnunuzi mmoja, shirika la serikali la ZSTC, na nje huko tegemeo kubwa lilikuwa Indonesia. Indonesia ilipopanda yake ikajitosheleza, bei ikaporomoka miaka ya themanini, na familia nzima ikajifunza maana ya kuwa na mteja mmoja. Ndipo sheria ya vitega uchumi ya 1986 ikafungua mlango wa mahoteli, yeye akauza alichouza akajenga vyumba vitatu vya kwanza miaka ya tisini. "Nikajiona nimekimbia karafuu," akaniambia, "kumbe nimehamia kwa mnunuzi mwingine mmoja. Baba alimsubiri ZSTC, mie namsubiri wakala wa Milano."

Hayo ni ya 2020. Mwaka 2024 tulirudi likizo ya Juni. Utalii nao ulikuwa umerudi kwa kishindo: 2021 watu 394,185, 2022 wakapita idadi ya 2019, na 2023 wakawa 638,498. Kulikuwa na Wapolandi kila kona. Jambiani niliyoiacha na mchanga mtupu ilikuwa na vitanda vya jua mpaka penye mwani. Nilikwenda na swali moja: je, walichojifunza kwetu kimebaki?

Kimebaki zaidi ya nilivyotarajia. Kopo lipo, mshale wa kibla upo. Vyumba viwili vya nyuma, cha saba na cha nane, vimewekwa vitanda vya ghorofa vya watoto, na mzee haviweki kwenye tovuti za Wazungu hata Agosti na Desemba anapokataa watu. Nikamwambia anapoteza dola. Akasema anazijua anazopoteza, anaziita bima. Bei yetu mwaka huo ilikuwa 110,000, mgeni wa nje alilipa dola 95. Si rahisi kwa kila mtu, na familia nyingi zilizokuja 2020 kwa elfu sitini haziwezi tena. Hilo nimeliona barazani: meza za Waswahili zilikuwa zetu na za ofisi moja ya mjini, basi.

Chai ya kwetu nayo ipo, tena imepanda cheo. Imeandikwa kwenye orodha kwa lugha tatu na Mzungu mwaka huo aliongeza dola 7 juu ya bei ya chumba ili apewe maharage yale yale. Sisi hatuongezi kitu, lakini lazima uagize usiku. Usipoagiza utakutana na papai la duara. Mpishi wa Makunduchi amechukuliwa na hoteli kubwa, yuko mwanafunzi wake, msichana, na tui lake halikatiki. Pweza wake ni bora kuliko wa mwalimu wake. Sinia limefutwa ubaoni, lakini ukimwomba analipika, kwetu lilikuwa 70,000, na liliwatosha watu sita wakiwemo wavulana wawili waliobalehe.

Dada wa kukanda amefungua chumba chake, ila anafanya kazi jioni na siku za maji mafu tu. Wakati wa bamvua yuko kwenye vigingi. Meneja mpya hakupenda, mzee akamwambia amwache.

Nyota imeangukia bwawani. Ile saa ya wanawake imefutwa. Kijana wa mapokezi hakunizungusha: wageni waliandika mtandaoni kwamba wamefungiwa bwawa jioni ya jua zuri, alama za nyumba zikashuka, meneja akaiondoa. Naelewa biashara. Lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi bwawa lile halina mtu, Wazungu wamelala, wangeihamishia huko bila mtu kulalamika. Nilipendekeza, wakaandika kwenye daftari, na mpaka tunaondoka jibu halijatoka. Mama mkwe alikaa kitini siku zote na dera lake, akaangalia maji.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda. Piga simu, usipitie mtandaoni, na sema tangu mwanzo kwamba wewe ni mkazi. Getini wataomba kitambulisho cha NIDA au cha Mzanzibari. Omba chumba cha saba au cha nane kama una watoto. Bahari huioni kutoka dirishani, lakini kelele za baa hazikufikii. Masika, Aprili na Mei, bei inashuka, mwaka 2024 ilifika 70,000, na mzee anapunguza zaidi ukikaa wiki. Mvua utaikuta. Kusi ya Julai na Agosti inaleta upepo na majani ya bahari ufukweni, wenye kupenda mchanga msafi wasubiri kaskazi. Angalia mwezi kabla ya kukata tiketi ya boti: bamvua maji yanakupwa asubuhi mpaka huoni pa kuogelea, yanajaa jioni, ndiyo raha yake. Beba viatu vya mpira vya kutembelea mwambani, na fedha taslimu za kutosha. Na Ijumaa jiko linafungwa mpaka watu watoke msikitini, kwa hiyo waagizie watoto sambusa mapema.